Mapambo ya Pasaka jikoni: kwa nini hayafiki Jumatatu

"Habari za kazi, mtaalamu. Jikoni kwetu ni padogo, pembamba na parefu kama ujia: jiko la gesi na meza ya kufanyia kazi upande mmoja, makabati upande wa pili, dirisha moja juu ya sinki. Pasaka iliyopita nilijitahidi kupapamba. Nilitundika vibendera vya karatasi na shada la maua bandia juu ya jiko, nikabandika sungura wa karatasi ukutani kwa selotepu, nikaweka bakuli la mayai ya rangi mezani na maua halisi kando ya bakuli la matunda. Kufikia Jumapili mchana vibendera vimelegea na vinanata, maua yameinamisha vichwa. Mayai tuliyala Jumatatu jioni kwa wasiwasi, na nilipobandua selotepu, rangi ya ukuta ikatoka nayo. Mama mkwe alisema jikoni ni pa kupikia, si pa kupamba. Mume wangu anasema ninunue kila kitu cha plastiki, basi. Mwaka huu tuna paka, na mtoto wetu ametimiza miaka miwili. Nijaribu tena au niache?"

Jaribu tena, dada yangu. Mama mkwe wako ana neno, lakini neno lake halikukatazi. Jikoni ni pa kupikia kweli, na ndiyo sababu mapambo ya sebuleni hayadumu pale. Vitu ulivyochagua mwaka jana havikuwa na ubaya wowote. Ungevitandaza sebuleni vingefika Jumatatu vikiwa vizima. Uliviweka tu kwenye njia ya mvuke, mafuta na joto, na hivyo vitatu havimpishi mtu hata siku ya sikukuu.

Sufuria ikichemka, mvuke hupanda. Ukikaanga, matone ya mafuta hurushwa hewani, madogo kiasi kwamba huyaoni, nayo hupanda pamoja na hewa ya moto. Hewa hiyo huenda juu mpaka ikutane na kitu cha baridi: ukuta, mlango wa kabati, dari, au kibendera chako. Hapo mvuke hurudi kuwa maji na mafuta hutua. Karatasi ni nyuzi za mimea zilizoshikamana; zikinywa maji hulegea na kujikunja. Mafuta nayo hayakauki kama maji. Hubaki kuwa utando unaonata, na vumbi lote linalopita huganda juu yake. Shada la maua bandia, kwa ile mikunjo yake yote, hukusanya utando huo kama sega linavyokusanya nywele.

Kwa hiyo sehemu yote iliyo juu ya jiko hadi darini, na kama urefu wa mkono kila upande, iache tupu. Hapa sitaki tujadiliane, kwa sababu mbali na uchafu kuna moto. Uzi ukilegea, karatasi huanguka moja kwa moja kwenye mwali, na wewe huenda umegeuka kuchukua chumvi tu.

Ushauri wa mume wako una faida moja: plastiki hainywi maji, na inaoshwa. Lakini inakamata mafuta vilevile, inalainika karibu na joto, na nyingi zikishika moto hudondosha matone yanayowaka. Mimi huchagua vitu vinavyovumilia maji ya moto na sabuni: kioo, bati, kauri, kitambaa cha pamba. Taulo mbili za jikoni za rangi ya manjano hafifu, zikining'inia kwenye vishikio vya kabati, zinapapendezesha pale kuliko vibendera ishirini, na zikichafuka unazitia kwenye ndoo ya kufulia.

Sasa tupange. Kabla hujaleta chochote, ondoa. Makopo ya viungo, kalenda, sumaku zote za friji, chupa za sabuni, kichujio kinachoning'inia: vifungie kabatini kwa wiki moja. Kuna wateja ambao nikifika na mikono mitupu na kuanza kuhamisha vitu vyao hunitazama kama niliyekuja kuwaibia. Lakini mahali padogo macho huchoka na wingi kabla hayajaona uzuri. Chombo kimoja cha maua kwenye meza tupu kitaonekana tangu mlangoni. Kikizungukwa na makopo kumi kitakuwa kopo la kumi na moja.

Kwa jikoni kama kwenu ningetumia sehemu tatu, basi. Bora kuliko zote ni dirisha, kwa kuwa lina mwanga, hewa inapita, na liko mbali na mwali. Ya pili ni milango ya makabati ya upande wa pili, juu ya kimo cha mtoto. Ya tatu ni kona moja ya meza, ile usiyoitumia kukatia. Chagua rangi mbili pamoja na nyeupe, na uzirudie kotekote. Usiongeze ya tatu hata ukikutana na kitu kizuri namna gani dukani.

Tuje kwenye maua, maana naona ndiyo yaliyokuuma zaidi. Uliyaharibu kwa matunda. Matunda mengi yanapoiva, hasa ndizi na tufaha, hutoa gesi inayoitwa ethilini. Haionekani, na kwa kiasi kinachotoka pale bakulini huwezi kuinusa. Kwa tunda, gesi hiyo ni ishara ya kuiva. Kwa maua mengi ni ishara ya kuzeeka. Petali hulegea, vichipukizi hugoma kufunguka. Mwaka 1901 mwanasayansi Dimitry Neljubow, huko St. Petersburg, aligundua kwamba miche ya njegere maabarani ilikuwa ikiota imepinda kwa sababu ya ethilini iliyokuwamo kwenye gesi iliyochomwa kwenye taa za wakati ule. Moto wa gesi usioungua vizuri nao hutoa kidogo. Maua na bakuli la matunda vitenganishe kabisa, kila kimoja kona yake, na usiku yahamishe maua yakalale chumba chenye baridi zaidi. Kazi hiyo ni ya dakika moja na huongeza siku.

Mengine kuhusu maua ni mafupi. Kata ncha za mashina kwa mshazari, kama sentimita mbili, kwa kisu kikali. Ondoa majani yote yatakayozama, kwa kuwa yakioza huzalisha bakteria wanaoziba mirija ya shina, na ua linakufa kiu likiwa ndani ya maji. Badilisha maji kila siku. Dafodili, zile za manjano zenye tarumbeta katikati, hutoa utomvu unaodhuru tulipu, yale maua yenye umbo la kikombe. Ukitaka kuzichanganya, ziache peke yake kwenye maji usiku kucha, kisha zitie pamoja na wenzake bila kuzikata tena.

Nunua maua yakiwa bado yamefumba, siku tatu au nne kabla ya sikukuu, na utazame kalenda mapema. Kwa makanisa ya Magharibi, yaani Wakatoliki na Waprotestanti, Pasaka inaweza kuangukia siku yoyote kuanzia Machi 22 hadi Aprili 25, kwa hiyo maua uliyoyakuta kwa wingi mwaka jana huenda mwaka huu hayajafika au yamekwisha. Mwaka ukiwa mbaya kwa maua, matawi ni rafiki. Matawi ya mierebi yenye vile vishada laini kama manyoya hayahitaji hata maji. Ukiyatia maji vishada vitaendelea kukua na kumwaga chavua ya manjano mezani. Yaweke kwenye chombo kikavu, na yatakaa hivyo hivyo kwa miezi.

Hapa nakuomba usome polepole. Kwa kuwa mna paka, mayungiyungi yasiingie ndani ya nyumba. Yale marefu meupe ya Pasaka, jamii ya Lilium, pamoja na ndugu zake wenye madoa na rangi, ni sumu kali kwa paka. Jani alilotafuna, chavua aliyoilamba kutoka kwenye manyoya yake, hata maji ya chombo aliyoyanywa, vinaweza kuharibu figo zake na kumuua. Watu hudhani ukiliweka ua juu ya kabati umemaliza. Paka hupanda, na chavua hudondoka. Ukihisi amegusa, usisubiri dalili, na usitafute dawa ya nyumbani. Mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, hata ikiwa usiku, na ubebe kipande cha ua mkononi. Akitibiwa mapema, kabla figo hazijaharibika, ana nafasi nzuri. Ukingoja siku mbili nafasi inapungua mno.

Dafodili na tulipu si kali kiasi hicho, lakini nazo si chakula cha mtu wala mnyama. Kwa jikoni hatari yake kubwa ni tunguu, ile sehemu ya chini inayouzwa ndani ya vyungu vidogo. Ikitolewa kwenye udongo inafanana na kitunguu. Si mara moja wala mbili watu wameikata na kuitia kwenye sufuria wakaishia kutapika. Vyungu vya namna hiyo viweke dirishani sebuleni, vyakula viwe chumba kingine. Mtoto akitafuna tunguu, msafishe kinywa, usimtapishe, mpigie daktari au umpeleke hospitali na chungu chenyewe.

Basi tufike kwenye mayai. Ningekuwa wewe, hapa ndipo ningeweka nguvu zangu zote, kwa kuwa ndiyo pambo pekee la Pasaka ambalo kwao ni jikoni. Gawanya mayai makundi mawili tangu mwanzo: ya kula na ya kutazama. Mwaka jana uliyatumia yale yale kwa kazi zote mbili, na wasiwasi wako wa Jumatatu ulikuwa wa haki.

Yai bichi lina utando mwembamba unaofunika maelfu ya vitundu vya gandani. Ukilichemsha, utando huo huharibika na vitundu hubaki wazi. Ndiyo maana yai la kuchemsha, ingawa linaonekana gumu na salama, huharibika upesi kuliko bichi. Mayai ya kula yakishapoa na kutiwa rangi yakae kwenye friji. Yakikaa nje zaidi ya saa mbili, yatupe bila huruma. Ndani ya friji yanakaa wiki moja. Ukitaka yaonekane mezani, yatoe wakati wa kula. Na tumia rangi za chakula tu, kwa sababu rangi za sanaa hupenya kwenye vitundu hivyo hivyo.

Ya kutazama ni maganda matupu. Toboa tundu dogo juu na kubwa kidogo chini kwa sindano nene, vuruga kiini kwa kijiti, kisha sukuma hewa kwa pampu ndogo ya mpira. Usipulize kwa mdomo, kwa kuwa mayai mabichi yanaweza kubeba bakteria wa salmonela. Suuza ganda kwa maji ya moto yenye sabuni, likauke kabisa. Kilichotoka ndani kipikwe siku hiyo. Maganda hayo yakitungwa kwenye uzi na kuning'inizwa dirishani kwa urefu tofauti, umemaliza kazi ya dirisha. Hayana uzito, hayaozi, na mwakani unayatoa tena kwenye boksi.

Rangi? Kabati lako linazo tayari. Maganda makavu ya vitunguu vyekundu au vya kahawia, yakichemshwa kama nusu saa, hutoa rangi kutoka chungwa hadi nyekundu ya matofali. Manjano ya unga, kile kiungo cha mchuzi, hutoa njano kali. Kabichi ya zambarau hufanya jambo ambalo hata mimi bado hunifurahisha: maji yake ni ya zambarau, lakini yai jeupe likikaa humo usiku kucha ndani ya friji hutoka la buluu. Rangi ya kabichi hubadilika kufuata ukali wa asidi, na ganda, ambalo karibu lote ni kalisi kaboneti, yaani aina ya chokaa, huisogeza upande wa buluu. Yai la kahawia kwenye maji hayo hayo hutoka la kijani.

Kila kikombe cha maji ya rangi kitie kijiko kimoja cha chakula cha siki. Asidi hulegeza uso wa ganda na kuziandaa protini zilizoko juu yake zishike rangi. Bila siki unapata rangi iliyopauka. Lakini siki hiyo hiyo inakula chokaa, na ukizidisha utaona mapovu na madoadoa. Manjano nayo yana tabia mbili za kujua. Yanapauka haraka kwenye jua, kwa hiyo mayai yake yasikae dirishani. Huko weka ya maganda ya vitunguu. Na yanashika kila kitu. Mwaka fulani nilimwaga kikombe kimoja juu ya kaunta nyeupe ya mwenye nyumba niliyekuwa nikimfanyia kazi. Nilisugua hadi machozi, ndipo nikakumbuka kwamba mwanga uliokuwa ukinipaukia mayai ungeweza kunisaidia. Jua la dirishani lililififisha lile doa kwa siku kadhaa. Tandika magazeti.

Kwa mtoto wa miaka miwili, kitu chochote kinachopita ndani ya bomba la karatasi ya chooni kinaweza kumkaba, kwa hiyo vijiyai vya chokoleti na vya plastiki vikae juu kabisa. Zile nyasi za plastiki za kutandika kwenye vikapu ziache dukani kwa ajili ya paka: nyuzi ndefu akizimeza hukunja utumbo, na mara nyingi mwisho wake ni upasuaji. Tandika karatasi nene iliyochanwachanwa.

Mishumaa jikoni siipendi. Kuna moto wa kutosha pale, kuna taulo zinazoning'inia, kuna paka mwenye mkia, na ile yenye manukato hugombana na harufu ya chakula. Taa ndogo za LED za betri, zenye mwanga wa umanjano hafifu (kwenye boksi huandikwa takriban kelvini 2700, kipimo cha rangi ya mwanga), zinapendeza zikipita juu ya makabati ya upande wa pili. Hakikisha kifuniko cha betri kina skrubu, maana betri bapa kama kitufe zikimezwa na mtoto huunguza koo kwa saa chache. Ukitaka taa za kuchomeka kwenye umeme karibu na sinki, usiunganishe waya za kurefusha mwenyewe. Hiyo ni kazi ya fundi umeme.

Imebaki selotepu. Gundi haikushika ukuta wako. Ilishika utando wa mafuta, ukaongeza vipande, na ile sehemu chache iliyokuwa safi ikashika rangi kwa nguvu kuliko rangi ilivyoshika ukuta. Mwaka huu sungura wahamie kwenye milango ya makabati. Futa mlango kwa maji ya moto yenye sabuni ya vyombo, suuza, kausha, subiri kama saa moja, ndipo ubandike. Chagua vibandiko vinavyoondoka kwa kuvutwa, na uvivute polepole sambamba na ubao, usivivute kuelekea kwako. Gundi ikigoma, ipashe moto kidogo kwa kikausha nywele. Na kama mlango umepakwa rangi karibuni, uache kabisa: rangi inakauka kwa kuguswa ndani ya saa chache, lakini kukomaa huchukua wiki kadhaa.

Lile doa la mwaka jana usilifunike na pambo. Bonyeza ukuta kwa kidole pembeni yake. Ukiwa mgumu na mkavu, lainisha kingo kwa msasa mwembamba, futa mafuta, paka rangi ya msingi, kisha rangi yako. Ukibonyea, ukitoa unga au ukiwa na madoa meusi ya ukungu, basi selotepu ilionyesha tu ugonjwa uliokuwepo: unyevu unaingia kutoka mahali fulani, pengine bomba la sinki, na fundi anatakiwa aje autazame kabla hujanunua hata utepe mmoja.